Ukurasa wa Arobaini na Moja

Kidahwe, 2 Machi 2018

Shikamoo Mzee Telesphory,

Hunijui. Naitwa Melania, hapa Kidahwe wananiita Mama Agnesi. Barua hii nimempa kondakta wa Hiace akuletee mkononi. Ukikuta bahasha imefunguliwa, tafadhali nijulishe.

Nilikusikia redioni Jumapili. Ulisema hapo maktabani kwenu Ujiji mnapiga picha vitabu vya zamani, pamoja na madaftari ya mwinjilisti Elikana wa Mwamgongo, yale aliyowaandikia Warundi waliokimbia mwaka sabini na mbili waliposhuka kwenye mitumbwi. Ukasema yote yatawekwa mtandaoni, yasomwe bure na kila mtu. Ukacheka, ukasema hata aliyeko Ulaya atasoma akiwa amelala kitandani. Mimi sikucheka.

Humo ameandikwa mtoto mmoja, mvulana wa miaka tisa, aliyechukuliwa na mzee wa huku Kidahwe. Naomba ukurasa wake usipigwe picha. Ni aibu ya kifamilia, mambo ya mtoto wa nje, na wenyewe bado wako hai. Nakuomba kama binti yako.

Melania

*

Ujiji, 9 Machi 2018

Mama Agnesi,

Marahaba. Bahasha imefika salama, ila inanuka mawese. Umefanya vema kuandika. Simu usinipigie kabisa, sikio la kulia limekufa na la kushoto linaugua.

Sasa nisikilize, mwanangu. Miaka thelathini na moja nimekaa na makaratasi haya. Mchwa wameshakula madaftari mawili ya Elikana, mazima mazima, nikabaki na majalada na vumbi. Siku ile nililia, mtu mzima. Ndipo nikaanza kubisha hodi kila mahali, miaka saba, hadi chuo kimoja cha ng'ambo kikatuletea kamera na stendi yake na taa mbili. Sharti lao lilikuwa moja tu: kila kitakachopigwa picha kiwe wazi kwa wote, bure. Nikasema haya ndiyo niliyokuwa nayaomba.

Unajua Elikana alivyofanya kazi? Mtumbwi ukifika, alisimama majini hadi magotini na daftari lake. Hakuna aliyepewa uji kabla hajataja jina lake, la baba yake na la kilima alichotoka. Watu walimwona mkatili. Yeye alisema, "Hapa hazikwi mtu bila jina." Leo wanakuja watu kutoka kambini wakiwatafuta ndugu zao humo. Nifiche ukurasa kwa sababu ya mtoto wa nje? Mama, watoto wa nje ni nusu ya Ujiji, na asubuhi wanasalimiana sokoni.

Daftari hili ni la wote. Samahani sana.

Telesphory, mtunzaji

*

Kidahwe, 13 Machi 2018

Mzee Telesphory,

Nilikudanganya. Hakuna mtoto wa nje.

Yule mvulana ni mume wangu. Baba yake aliuawa huko Burundi. Yeye alivuka peke yake, mama yake na dada yake mdogo wakabaki ufukweni kungoja mtumbwi wa pili. Mzee wa hapa, asiye na watoto, alikuwa Mwamgongo kununua dagaa, akamwomba kwa Elikana, akaja naye. Akampa jina la Leodgar. Marehemu baba mkwe alituambia kwamba Elikana aliyaandika majina yote mawili, la zamani na jipya, mstari mmoja.

Leodgar hajui kwingine. Amesoma hapa, amenioa hapa, tumezika hapa watoto wawili na wengine watatu wanaishi. Ni mwenyekiti wa kitongoji mwaka wa tisa huu. Karatasi ya uraia hana. Nani angemwombea, wakati kila mtu anajua ni Muha wa Kidahwe? Mwaka ule wa msako walipokusanya watu wasio na karatasi, mimi niliona jinsi mwanamke mmoja alivyopandishwa gari akiwa na unga mikononi.

Tuna jirani ambaye Leodgar alimwamulia vibaya kesi ya mpaka wa shamba. Sisemi jina lake. Amemwambia mbele ya watu, "Nitakutafutia asili yako mpaka niipate." Naye ana mtoto anayejua mambo ya mtandao.

Mume wangu hajui kwamba nakuandikia. Angeona haya. Ungekuwa wewe, Mzee, ungefanyaje?

Melania

*

Ujiji, 20 Machi 2018

Mama Agnesi,

Nimeufungua. Ni ukurasa wa arobaini na moja. Nimeusoma nimesimama, kisha nikakaa.

Nisamehe kwa maneno yangu ya ile wiki nyingine, nilijifanya mjuaji. Ukurasa nimeutoa kwenye daftari kwa wembe, kitu ambacho sijawahi kukifanya kwa kitabu chochote tangu niajiriwe. Nimeufungia kwenye kabati la chuma, ufunguo ninao shingoni pamoja na rozari. Hakuna atakayeuona nikiwa hai.

Mahali pake nimeweka kijikaratasi, ndiyo desturi yetu ya maktaba kitu kikitolewa, ili kazi ikae kwa utaratibu na asije mtu akasema tumepoteza. Daftari zima nimelipiga picha jana kwa mkono wangu mwenyewe na limeshapanda mtandaoni.

Lala usingizi, mama. Msalimie mwenyekiti, au basi, usimsalimie.

Telesphory

*

Kambini, Zoni ya 8, 11 Juni 2018

Mzee wangu wa maktaba, amahoro, na shikamoo,

Mimi ni Léoncie Inamahoro, Mrundi, nimefika hapa mwaka 2015 na binti yangu Ella. Kiswahili changu utanivumilia, nilikijifunza sokoni Bujumbura.

Mungu akubariki kwa kazi ile. Mwalimu mmoja hapa ana simu kubwa, akatuonyesha madaftari ya Elikana. Bure kabisa, hakuna aliyetuuliza sisi ni nani. Tulikaa watu kama thelathini tukizunguka simu moja, kila mmoja akitaja jina la mtu wake. Mama mmoja alimpata baba yake. Alipiga kelele mpaka askari wakaja.

Mimi niko namtafuta musaza wanje, kaka yangu, Kubwimana, wa kilima cha Gasenyi karibu na Nyanza-Lac. Mwaka 1972 nilikuwa na miaka sita. Wavuvi walimpakia yeye kwanza maana mtumbwi ulikuwa umejaa, mama akamwambia tunakuja nyuma yako. Mtumbwi wa pili haukuja. Tulirudi kujificha milimani. Mama amekufa mwaka juzi hapahapa kambini, na neno la mwisho alilosema lilikuwa jina la Kubwimana.

Ukurasa wa 40 ni wa tarehe 11 Mei. Ukurasa wa 42 ni wa tarehe 14. Sisi tulimpakia tarehe 12. Katikati hapo nimekuta karatasi yako ndogo, nimeinakili: "Ukurasa wa 41 umeondolewa kwa ombi la Bi. Melania wa Kidahwe, kwa kumlinda mumewe. Telesphory, mtunzaji, 19 Machi 2018."

Mzee, huyo mume ni nani? Nilimwandikia huyo Bi. Melania mwezi wa tano, nikampa mtu wa gari la mahindi. Hajajibu. Kutoka hapa siwezi, vibali vya kutoka havitolewi siku hizi.

Nikisikia tu kwamba yuko hai, basi, inanitosha. Nakusubiri.

Léoncie

*

Ujiji, 18 Juni 2018

Mama Agnesi,

Barua hii nampa Telesphory mwenzangu, wajina, dereva anayekuja Kidahwe kesho. Isome ukiwa umekaa.

Nimekuponza. Kile kijikaratasi nilichokwambia, niliandika juu yake kila kitu kama tulivyofundishwa: nini kimetolewa, kwa ombi la nani, kwa sababu gani, lini. Nikaweka sahihi. Kisha nikageuza kurasa moja baada ya nyingine chini ya kamera, arobaini, kijikaratasi, arobaini na mbili, nikakipiga picha na chenyewe. Hata sikufikiri. Mkono uliozoea kazi haufikiri. Jina lako limekaa mtandaoni miezi mitatu, na neno "kumlinda mumewe" chini yake. Ukurasa wenyewe ungekuwa mmoja kati ya mia mbili na kumi, nani angeufungua? Mimi nimeutundikia kengele.

Leo nimekiondoa. Ila kilichosomwa kimesomwa. Mwambie Leodgar. Kama ana pa kwenda kwa muda, aende.

La pili. Dada yake yuko hai. Anaitwa Léoncie, yuko kambini, ameniandikia. Anasema alikuandikia na wewe mwezi wa tano, labda barua ilipotea njiani. Naomba ruhusa yako nimwambie jina la mumeo. Mimi nilikuapia, bila neno lako sifungui mdomo.

Nimejilaumu mpaka nimechoka.

Telesphory

*

Kidahwe, 27 Juni 2018

Telesphory,

Barua yako imefika leo Jumatano, gari la wajina wako lilikwama njiani. Wao, watu wa uhamiaji, walifika Jumatatu.

Walikuja saa nne asubuhi, Leodgar anakagua mfereji na vijana wa kitongoji. Walikuwa wamepiga chapa hicho kijikaratasi chako, kikubwa, kinasomeka vizuri. Una mwandiko mzuri sana, Mzee. Wakaniuliza mbele yake, "Mama, ulikuwa unamlinda na nini?" Mimi nikanyamaza. Mtu asiye na la kuficha angejibu. Leodgar alinitazama, akaelewa palepale kwamba nimefanya jambo nyuma yake. Ndivyo alivyoniacha, akiwa na jicho lile.

Walimuuliza jina lake. Akasema Leodgar. Wakamuuliza la kwanza. Akasema la kwanza ni Leodgar na la mwisho ni Leodgar. Wakampandisha gari, wakaelekea upande wa Kasulu. Hakuchukua hata dawa zake za kifua. Jirani yetu alikuwa amesimama kwenye mpaka na jembe, hakulima hata pigo moja.

Wewe na desturi zako za maktaba. Kwa nini hukuupiga tu picha ukurasa kama ulivyotaka mwanzoni? Usiniandikie tena. Na jina lake usimpe mtu, hata mmoja. Limeshatajwa vya kutosha.

Melania

*

Ujiji, 4 Julai 2018

Bi. Léoncie,

Umesubiri kwa muda mrefu, na mimi ndiye niliyekuchelewesha.

Kaka yako Kubwimana alifika Mwamgongo tarehe 12 Mei 1972. Alipokewa vizuri, alikua, alioa, ana watoto. Mpaka Jumatatu ya wiki iliyopita alikuwa hai na mzima. Siku hiyo alichukuliwa kwa kukosa karatasi, na gari lilielekea huko kwenu. Kuna kila sababu ya kuamini kwamba ameletwa kambini. Muulizie mapokezi, uliza kila zoni: Kubwimana wa Gasenyi.

Jina analolitumia sasa nalijua, ila nimeapa kwa mkewe nisilitaje, naye amenikataza tena kwa herufi nzito. Nimeshamvunjia nyumba yake. Nikivunja na kiapo nitakuwa sina kitu. Nimemwandikia kumwomba, ingawa ameniambia nisimwandikie. Akikubali, siku hiyohiyo utajua.

Telesphory

*

Ujiji, 30 Julai 2018

Mama Agnesi,

Hii ni ya tatu. Zile mbili kondakta anasema alizikabidhi kwa binti yako, na kwamba wewe huonekani nyumbani, uko njiani kila siku.

Nakuomba neno moja tu. Ndiyo.

Telesphory

*

Kambini, Zoni ya 8, 3 Septemba 2018

Mzee wangu Telesphory,

Nimepokea barua yako nikalia, nikamwonyesha Ella, naye akalia. Yuko hai! Nilikwenda kaburini kwa mama, nikamwambia.

Tangu hapo nimetafuta. Mapokezi walifungua kompyuta, hakuna Kubwimana wa Gasenyi. Nimepita zoni zote, nyingine mara mbili. Nimepata Kubwimana wanne, mmoja ni mtoto mchanga. Nimeuliza kanisani, kwenye mgao, bombani. Labda wamempeleka kambi nyingine. Au labda jina hilo la sasa ndilo lililomfunika. Mke wake bado hajakubali? Mwambie mimi ni mwanamke kama yeye, sina ubaya.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu ya msiba hapa jirani. Kuna mzee aliletwa mwezi wa saba, alikaa hema la tatu kutoka langu. Tulimwita Mwenyekiti, maana kila asubuhi alikuwa bombani anapanga ndoo za watu kwenye mstari, kifua kinamkohoza, na hakuna aliyemwomba. Tulimcheka lakini mstari ulinyooka. Kirundi hakusema hata neno moja. Ukimsalimia "mwaramutse", anakujibu kwa Kiswahili, "Mimi ni Mtanzania, kuna makosa, nitarudi shambani kwangu." Watu walisema amerukwa na akili. Mimi nilimwonea huruma. Kifua kilipomzidi nikawa nampelekea uji. Siku ya kwanza aliukataa.

Hata yeye nilimuuliza. Nikamwambia, "Mwenyekiti, wewe unaonana na watu wengi bombani, hujasikia mtu aitwaye Kubwimana wa Gasenyi?" Alinitazama sana. Akauliza, "Wewe nani?" Nikamwambia mimi Mama Ella, ndivyo wanavyoniita wote hapa. Akasema hamjui mtu huyo, akageukia ukuta. Nilikuwa na ndoo kichwani, sikukaa. Baadaye nilijilaumu, huenda nilimtisha, watu wa namna yake wanaogopa wapelelezi. Keshoye uji aliunywa wote. Siku tatu baadaye amekufa.

Tumemzika juzi. Ndugu hana hapa, mimi nimetoa kitenge changu kimoja cha kumfunika. Kwenye msalaba wameandika Leodgar tu, kama alivyojiandikisha.

Basi, turudi kwetu. Naomba hilo jina, Mzee.

Léoncie

*

Ujiji, 10 Septemba 2018

Bi. Léoncie,

Nimekaa na barua yako siku nzima. Kiapo nimekivunja, nitajibu mwenyewe mbele ya Mungu.

Jina hilo ndilo umeliandika mwenyewe karibu na mwisho wa barua yako, lile la kwenye msalaba.

Ulimpa uji. Ulimfunika. Sina kingine cha kukupa, dada yangu. Ningelikutajia jina hilo mwezi wa saba, mngekaa pamoja majuma manane. Nilidhani nimekuwa mwaminifu.

Telesphory

*

Kambini, 7 Oktoba 2018

Mzee Telesphory,

Ni mimi Melania. Niko hapa tangu Alhamisi, nyumbani kwa Léoncie, barua hii anaishikia taa tu, tunaandika jioni mvua ikipiga turubai. Kibali cha kumwona akiwa hai nilikiomba mara sita, nikilala kwenye veranda za watu, ndiyo maana hukunipata. Cha kumwona akiwa amekufa wamenipa ndani ya siku moja.

Nina jambo la kusema na nimelisema kwake kwanza. Barua yake ya mwezi wa tano haikupotea. Niliipata. Iliandikwa "Bi. Melania, mimi ni Mrundi wa kambini, natafuta kaka yangu Kubwimana". Nikaona mtego. Nikasema hawa ni watu wa jirani, wananijaribu. Nikaichoma jikoni, maharage yakiwa juu ya moto, na Leodgar amekaa nje ananiuliza mbona moshi mwingi leo. Nikamwambia kuni mbichi. Dada yake alikuwa anaungua mle, mimi nageuza maharage.

Na barua zako za Julai nilizisoma zote tatu. Hasira ilinizuia kuandika hilo neno moja ulilotaka. Nilisema huyu mzee akae na kiu yake. Kwa hiyo usijibebeshe yote peke yako, Mzee, mzigo huu una mikono miwili.

Léoncie hakunipiga. Nilitaka anipige. Aliniuliza tu kama kaka yake alikuwa anapenda samaki aina ya migebuka, maana alipokuwa mtoto alikuwa haimalizi, anamwachia yeye kichwa. Nikamwambia ndiyo, na kichwa alikuwa anaacha hadi juzijuzi, tukidhani ni kinyaa.

Tumekwenda kaburini. Tumeongeza jina la Kubwimana kwenye msalaba, kwa misumari ya kuazima. Msalaba wenyewe ni wa mti laini, mvua mbili tatu utaoza. Watoto wangu wanataka kujua babu yao ni nani na sina cha kuwaonyesha. Kitambulisho chake cha kupigia kura walikichukua. Duniani hapa karatasi inayosema yeye ni mtoto wa fulani na alitoka mahali fulani ni moja tu, na ufunguo wake uko shingoni mwako.

Fungua kabati. Upige picha ukurasa wa arobaini na moja, uuweke mtandaoni, bure, ausome kila mtu, hata jirani. Sasa ni nani nitakayemlinda?

Na usiweke kijikaratasi.

Melania

*

Ujiji, 15 Oktoba 2018

Kwa Mama Agnesi na Mama Ella,

Nimeurudisha ukurasa mahali pake kwa gundi ya unga. Alama ya wembe inaonekana, nimeiacha ionekane. Leo saa tatu nimeupiga picha, saa sita umepanda. Hakuna maelezo, hakuna sahihi yangu.

Mimi naacha kazi mwisho wa mwezi. Winfrida, niliyemfundisha, atakaa na kamera. Nimemwambia madaftari yaliyobaki asifungue hata moja kabla hajakwenda kwa miguu kuwauliza waliomo, mmoja mmoja, na kwamba wakikataa anyamaze kabisa, asiandike popote kwamba wamekataa. Ameniuliza hilo limeandikwa kwenye mwongozo gani. Nikamwambia halijaandikwa.

Léoncie, wewe hujawahi kuusoma, na huenda mwalimu mwenye simu yuko mbali. Nimekunakilia mstari wenu kama Elikana alivyouandika, mwandiko wake ukiwa umelowa maji pembeni:

"12 Mei 1972. Mtumbwi wa nne, watu kumi na saba. Kubwimana, mvulana, miaka tisa, mwana wa Manirakiza, kilima cha Gasenyi. Baba ameuawa. Mama na dada mdogo, Léoncie, wanangoja mtumbwi wa nyuma. Amepokewa na mzee wa Kidahwe, ataitwa Leodgar. Mtoto amekataa uji, anasema hatakunywa mpaka dada yake aje. Nimemwambia, 'Atakuja, atakuletea yeye mwenyewe.' Amekunywa."

Telesphory